Sabuni Mbichi za Nyangi

"Nyangi mwanangu, hizo sabuni unazilalia kama kuku anavyolalia mayai. Unangoja zitotoe?"

Aliyeuliza ni Mama Wambura, jirani yetu hapa Bunda, na alikuwa amebeba beseni la nguo alizozifua kwa majani ya mpapai. Ilikuwa mwaka themanini na tatu, masika yakianza. Sabuni madukani ilikuwa imebaki jina tu. Ukisikia imekuja, unakimbia, unapanga foleni, na ukifika mbele unaambiwa imekwisha. Sasa Mama Wambura alikuwa amechungulia chumbani kwa Nyangi, akaona vichanja vya fito vimepangwa sabuni kutoka ukutani mpaka karibu na kitanda.

Nyangi alicheka, akamwambia asubiri, hazijakomaa. Mama Wambura akasema ndizi ndiyo hukomaa, na papai hukomaa, lakini sabuni kukomaa hajapata kusikia tangu azaliwe. Akaenda zake kuanika, anasema peke yake. Mimi nilikuwa uani napeta mtama, nikasikia yote. Moyoni nilikuwa upande wa Mama Wambura, maana hata kwangu kipande kilikuwa hakuna.

Watu wengi wanaofulia sabuni ya Nyangi siku hizi, hapa Bunda na kule Musoma sokoni, wanamjua kama mama mwenye biashara yake iliyosimama. Ilivyoanza hawajui. Wengine wanasema alipewa mtaji na wazungu. Si kweli. Mimi nilikuwa naye ua mmoja miaka ile yote, na nimemwomba ruhusa niandike nilichokiona.

Nyangi ni binti wa mzee Masatu wa Mugango, mvuvi. Alimaliza darasa la saba, akakaa nyumbani akimsaidia mama yake kubanika samaki. Akasikia kwamba karibu na Bunda kuna chuo cha wananchi, mtu anapokelewa hata kama hakwenda sekondari. Baba yake hakukataa, ila alimuuliza anaenda kusomea nini, kupika? "Kupika si unajuaga tayari." Nyangi akajibu kwamba anaenda kusomea mambo asiyoyajua. Alikuja na sanduku la bati na mkeka, akapanga chumba kwetu, na Jumapili ya kwanza tu nikamkuta kanisani amekaa benchi la mbele kama mwenyeji.

Pale chuoni walikuwa na mwalimu mmoja, Mwalimu Bernado, mtu wa Bukoba, mwembamba, mpole, lakini akishasema neno harudi nyuma. Alikuwa anawafundisha mambo ya biashara ndogondogo. Siku moja akawaambia kwamba amechoka kusahihisha majibu ya ubaoni. Darasa lao lianzishe mradi wa kweli, wenye kuuza na kupata faida, na chuo kitawaazima vyombo tu. Mwisho wa mwaka wa masomo mradi ukiwa hai na una faida, darasa zima limefaulu. Ukiwa umekufa, wote warudi kuanza upya au waende nyumbani.

Basi darasa likachemka. Huyu anataka kuku, yule anataka bustani ya mchicha. Silasi, kijana wa Mugeta, mzaha mwingi kuliko daftari, akasema wapike gongo, faida yake haina mvua wala jua, na wateja wanakuja wenyewe hata ukiwafukuza. Wakacheka sana. Nyangi alingoja wanyamaze, akasema yeye anataka sabuni.

Wakamuuliza atapata wapi vitu vya kutengenezea. Akawaambia vipo, vinatupwa kila siku. Aliwahi kuona masista wa misheni wakipika sabuni kwa mafuta ya ng'ombe na maji ya majivu. Mafuta ya ng'ombe, wachinjaji wa Bunda na Nyamuswa wanawapa mbwa. Na majivu, nani asiyejua? Kila mwaka pamba ikishavunwa, sheria inasema miti yake ing'olewe na ichomwe, wadudu wasibaki. Mashamba yanawaka kila upande, halafu majivu yanachukuliwa na upepo. Wakulima wa pamba wote tulikuwa tunachoma sabuni yetu wenyewe bila kujua.

Mwalimu Bernado akamuuliza anajua kipimo cha hayo maji ya majivu? Nyangi akasema hajui, ila atakijua.

Nawaambia ukweli, wiki zile za kwanza tulidhani ataugua. Walizunguka mashambani na magunia kuzoa majivu, wanarudi weupe kama wametoka kaburini. Majivu waliyatia kwenye debe lililotobolewa chini, wanamwagia maji, yanachuruzika taratibu, rangi kama chai ya rangi. Hayo ndiyo makali. Nyangi anatia yai humo: likizama, bado maji ni dhaifu, anayachemsha tena, likielea na kuonyesha kichwa, yametosha. Halafu yanapikwa na mafuta kwenye pipa lililokatwa katikati, mtu anakoroga kwa mti mrefu mpaka bega linakufa ganzi, chumvi inatiwa ili igande. Ikipoa wanakata kwa waya vipande kama matofali madogo. Harufu yake, Mungu atusamehe, ilikuwa ya bucha iliyofungwa siku ya joto. Mbwa wa mtaa mzima walikuwa wanalala mlangoni kwetu.

Pika ya kwanza waliiuza haraka. Walikuwa na furaha, na watu walikuwa na shida. Silasi alibeba kapu mpaka Nyamuswa siku ya mnada, akarudi na kapu tupu akiimba. Lakini haikuchukua muda, akaja mwanamke mmoja wa Nyamuswa anaitwa Gati, amepanda basi kwa ajili hiyo tu. Akaweka kipande cha sabuni mbele ya Nyangi, akamwonyesha viganja. Ngozi ilikuwa imebambuka kama ya mtu aliyeshika chungu cha moto.

Nyangi alitaka kumrudishia hela. Gati akamwambia, "Hela yako siitaki. Mimi nina watoto, nguo zimejaa, na mikono ndiyo hii. Njoo unifulie."

Na kweli alikwenda. Kila Jumamosi Nyangi alipanda basi kwenda Nyamuswa kufua nguo za Gati, mpaka mikono ya yule mama ilipopona. Wengine walionunua, aliwafuata nyumba kwa nyumba, anachukua sabuni, anarudisha fedha, anaomba radhi. Darasa lilinuna. Silasi alisema biashara gani hii, muuzaji anawakimbiza wateja ili awape hela. Mradi ulikuwa karibu kufa kabla haujatambaa.

Aliporudi alimwendea sista mzee wa misheni, akamweleza yote. Sista akamuuliza jambo moja tu: walizilaza muda gani? Nyangi hakuelewa. Ndipo akafundishwa kwamba sabuni ya majivu ikitoka kwenye pipa bado ina ukali ndani. Ipangwe kwenye kichanja, upepo upite, ikae mwezi na nusu, hata zaidi wakati wa mvua. Yale makali yanakufa yenyewe polepole. Kuijua, unagusa kwa ncha ya ulimi: ikikuuma, irudishe.

Toka siku hiyo Nyangi akawa mgumu. Hakuna kipande kilichotoka bila yeye kukigusa kwa ulimi. Wanafunzi wenzake wakaanza kumwita Mama Ulimi. Hakujali. Walipika, wakalaza, wakangoja, na pika ya pili ilipoingia sokoni haikumuumiza mtu. Kule Butiama mzee mmoja aliwagombeza, kwamba mafuta ya ng'ombe ni ya kumpaka bibi harusi akibarikiwa na mtoto akizaliwa, wao wanayafulia soksi. Nyangi akamwambia kwa adabu, "Babu, na bibi harusi nguo zake si zinafuliwa?" Mzee akanunua kipande kimoja, ila akataka kifungwe kwenye jani asionekane nacho njiani.

Kufika Krismasi walikuwa wamelirudisha pipa la chuo na kununua la kwao. Walikuwa wananunua mafuta buchani sasa, hawaombi tena, maana wachinjaji nao walishajanjaruka. Kila mwanafunzi alipata kidogo cha kupeleka nyumbani. Nyangi alimpelekea mama yake kitenge. Mwalimu Bernado akasema mradi umesimama, bado kutembea. Akiukuta hai mwezi wa sita, watakuwa wamefaulu.

Sasa masika yalipoanza, bati la stoo ya chuo likavuja. Sabuni ikilowa inarudi uji. Nyangi akazihamishia chumbani kwake, akatengeneza vichanja, akabakiza nafasi ya kitanda tu. Halafu chuo kikafungwa kwa likizo ya Pasaka. Mwalimu Bernado akasafiri kwenda kwao Bukoba, wanafunzi wakatawanyika, na yeye akabaki kuzilinda, Silasi tu akija kumsaidia. Hivyo ndivyo zilivyokuja kulala ndani mwake, na hivyo ndivyo Mama Wambura alivyozikuta.

Pasaka ile hatutaisahau. Redio ikatangaza vita na wahujumu uchumi, wale walioficha bidhaa ili wananchi wapate shida. Watu wakaanza kukamatwa. Na waliokuwa na kitu wakaingiwa na hofu, hata wenye haki yao. Tukasikia kwamba Musoma watu wanatupa ziwani betri, kanga, na sukari. Hapa Bunda asubuhi unakuta katoni ya viberiti imeachwa kwenye mtaro, haina mwenyewe, na hakuna anayethubutu kuiokota. Duka la jirani yetu lilifunguliwa milango wazi kabisa, na ndani hakuna hata msumari.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Mzee Florian, mtu mzuri lakini mwoga wa serikali. Alikuja jioni, hajakaa hata kwenye kiti alichopewa. Akamwambia Nyangi kwamba kamati imekuja kutoka wilayani, kesho itakuwa kwenye kiwanja cha shule kupokea vitu vya kusalimishwa, na kesho kutwa inaanza kupekua nyumba. Akamsihi kama binti yake. Kuna shimo nyuma ya mto, Silasi alete mkokoteni wa ng'ombe, zitupwe, yeye atasema hajaona kitu. Na Silasi, aliyekuwa amesimama mlangoni, kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Akasema mzee anasema kweli. Chuo kimefungwa, mwalimu hayupo, nani atawaamini? Sabuni zitapikwa nyingine.

Nyangi aliwasikiliza mpaka mwisho. Akasema wakizitupa, mradi umekufa, na darasa lote limeanguka, na hakuna atakayekuwa amewaangusha ila wao wenyewe. Tena mtu anayetupa kitu chake shimoni amekiri wizi ambao hakuufanya.

"Silasi, lete mkokoteni," alisema, "lakini hatuendi mtoni. Tunaenda kiwanjani."

Mzee Florian akashika kichwa. Mimi nilimwita Nyangi ndani kwangu, tukapiga magoti, tukasali. Sikumwomba abadilishe nia, kwa sababu nilimjua. Nilimwomba Mungu awape wale wa kamati masikio. Halafu akala ugali na dagaa kama siku zote, akaosha sufuria, akalala.

Asubuhi walipakia sabuni zote. Zilizokomaa aliziweka mbele, zikiwa kwenye majani makavu. Mbichi nyuma, zimepangwa pika kwa pika. Tulitembea nyuma ya mkokoteni, mimi, Mama Wambura, na wengine waliokuja kutazama tu. Njiani watu walitupigia kelele. "Mama sabuni, leo umekwisha!" "Mwacheni apite, akaoge na mahabusu!" Mmoja akasema alikuwa anajiuliza mbona mtaa wetu mbwa wamenona.

Kiwanjani kulikuwa na meza, wanamgambo, na lundo la vitu, na watu wengi kuliko siku ya mpira. Mkuu wa kamati alikuwa mtu mzima, sauti ya chini, macho yamechoka. Akauliza sabuni zile ni za nani. Nyangi akasema ni za darasa.

"Darasa gani hilo, ndugu, linalokaa chumbani kwa mtu?"

Watu wakacheka. Nyangi hakucheka wala hakulia. Akaeleza kutoka majivu mpaka bati lililovuja, bila kuruka na bila kuongeza. Mkuu akasikiliza, akaandika kidogo, akasema huenda ni kweli na huenda si kweli, chuo kikifunguliwa wataulizwa. Lakini wananchi hawana sabuni, na sabuni hii hapa. Haiwezi kurudi kulala ndani. Akaamuru igawiwe yote, pale pale, kwa bei ya duka la kijiji, na fedha zishikwe na kamati.

Uwanja mzima ukashangilia. Foleni ikajipanga yenyewe kabla hajamaliza kusema, na Mama Wambura alikuwa wa tatu. Mimi nilishusha pumzi, nikasema asante Mungu, amepona. Silasi naye alikuwa ameanza kushusha sabuni.

Nyangi akaenda akasimama nyuma ya mkokoteni, akatandaza mikono juu ya zile mbichi.

Alisema zilizokomaa wachukue zote, hata sasa hivi, hana kinyongo. Hizi nyuma hapana. Zitaunguza watu. Watoto wataogeshwa kwa sabuni hizi leo jioni, na kesho watakuwa zahanati.

Foleni ikageuka. Wale wale waliokuwa wanashangilia wakaanza kumzomea. Mama Wambura, ambaye asubuhi alikuwa amemshika mkono, akapaza sauti kwamba anamjua huyu, ni choyo tu, kila siku hazijakomaa, hazijakomaa. Mkuu wa kamati akainuka. Akamwambia kwa sauti ile ile ya chini, lakini kwa ukali, kwamba tangu juzi amesikia hadithi nyingi, kila aliyeficha kitu ana sababu, na asimlazimishe kumpeleka ndani.

Nyangi akaomba maji. Mwanamgambo mmoja akamletea ndoo. Akachukua kipande kutoka safu ya nyuma kabisa, kilichokatwa wiki ile ile, akalowesha mikono, akajipaka mpaka kwenye viwiko, akasugua kama mtu anayefua gunia. Povu likajaa. Halafu hakusuuza. Akabaki amenyoosha mikono mbele ya meza, povu linamchuruzika, na akaendelea kueleza polepole jinsi makali ya majivu yanavyokufa kwenye kichanja.

Mwanzoni watu walikuwa wanamzomea bado. Baadaye wakapunguza. Mikono ilianza kuwa myekundu kwenye viwiko, kule ngozi ilipo laini, kisha vidoleni. Maneno hayakukatika. Mkuu akamwambia asuuze. Akasema atasuuza, ndugu, akishaeleweka. Silasi aligeuza uso, akatazama ng'ombe.

Ndipo Mzee Florian akatoka kwenye watu. Sijui alipata wapi ujasiri. Akavua kofia, akasema, "Ndugu mkuu, mimi ndiye balozi wake. Jana nilimwambia azitupe shimoni na mimi nitanyamaza. Alikataa. Mkimkamata yeye, na mimi nikamateni."

Mkuu wa kamati akazunguka meza, akamshika Nyangi mkono, akautazama kwa karibu, akafuta povu kwa kidole chake mwenyewe. Baada ya muda mfupi akakipangusa kidole hicho kwenye suruali, akakitazama tena. Akaagiza maji haraka. Nilikimbia nyumba ya jirani nikaleta mtindi, tukamwagia mikono yote miwili, maana uchachu ndio unaotuliza ukali wa majivu. Mama Wambura alikuwa ndiye anashika kibuyu, analia, anamwambia mwanangu nisamehe mdomo wangu. Nyangi akamwambia arudi kwenye foleni asije akakosa.

Zilizokomaa ziliuzwa pale pale, kipande kimoja kila kaya, na mkuu akaamuru fedha apewe Nyangi mwenyewe mbele ya watu, aziweke za darasa. Kisha akamuuliza, wote tukisikia, kama ana ombi lolote kwa kamati kabla hawajaendelea na wengine. Wengi tulidhani ataomba kusafishwa jina lake, au apewe kibali asisumbuliwe tena. Nyangi aliondoa mikono kwenye mtindi, akaitazama, akamtazama mkuu.

"Naomba hizi mbichi zirudi kwenye kichanja zikae mpaka zikomae," alisema. "Anayetaka aje baada ya Pentekoste."